Shingo, Mgongo na Mzigo

Apitaye sokoni Chwele, Bungoma, au azuruye Kitale wakati wa mavuno ya mahindi, hakosi kuwaona akina mama waliojitwika mizigo vichwani, shingo zimenyooka, wakienda kwa utulivu. Mnamo 1986, mwanasayansi Geoffrey Maloiy na wenzake walibainisha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo, kwa kichwa, na wa Kikuyu, kwa ukanda wa kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa asilimia 20 ya uzani wa miili yao pasipo kuongeza nguvu wanazozitumia kutembea. Nami nayaona hayo kuwa maarifa yastahiliyo heshima kubwa.

Shingo hizo zilizonyooka zanikumbusha Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, aliyekuwa msomaji wa tungo jukwaani. Sauti ilipomkauka na matabibu wasimponye, alijitazama kwenye vioo hata akatambua kuwa kila atakapo kunena hukirudisha kichwa nyuma na kuikaza shingo. Ilmu aliyoiasisi, ambayo waimbaji na waigizaji huisoma hata leo, humfunza mtu kuizuia ada hiyo kabla ya kutenda. Jaribio la ilmu hiyo lililofanywa Uingereza na kutangazwa 2008, lenye wagonjwa 579 wa maumivu sugu ya mgongo, lilionyesha kuwa masomo 24 yalizipunguza sana siku za maumivu. Lakini ilmu hii haiungi mfupa uliovunjika wala haiponyi kifua kikuu cha uti wa mgongo. Basi mtu aliyeingiwa na ganzi miguuni na apelekwe hospitali bila kukawia.