Mafia: Urefu wa jengo huamuliwa kabla ya kuchimba msingi

Mwananchi mwenye kiwanja Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia mkoani Pwani, anaweza kuwa na hati, fedha na ramani ya nyumba, lakini asiruhusiwe kujenga ghorofa anazotaka. Urefu wa jengo hauamuliwi na mmiliki peke yake. Hutegemea pia mahali kiwanja kilipo.

Kwanza ni mpango wa mji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mwendelezaji kupata idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi iliyomo katika eneo la upangaji. Masharti hutaja matumizi ya kiwanja, sehemu inayoweza kujengwa na uwiano wa jumla ya sakafu zote kwa eneo la kiwanja. Kwa mfano, kiwanja cha mita za mraba 600 kikipewa uwiano wa 1, sakafu zote kwa pamoja hazipaswi kuzidi mita za mraba 600. Jengo likichukua nusu ya kiwanja, mmiliki atafikia ghorofa moja tu juu ya sakafu ya chini.

Pili ni uwanja wa ndege, ambao uko Kilindoni penyewe, jirani na makazi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka anga ya kupaa na kutua iwe wazi kwa mteremko unaoanzia karibu na njia ya kurukia. Mteremko ukiwa wa asilimia 2, kila mita 50 za umbali huongeza mita 1 tu ya urefu unaoruhusiwa. Hivyo umbali wa mita 300 hutoa mita 6, kiasi kinachotosha nyumba ya chini lakini huweza kupitwa na ghorofa moja yenye paa la mgongo.

Urefu huo hupimwa kutoka usawa wa uwanja, si kutoka msingi wa nyumba. Kiwanja kilicho mwinukoni hupoteza mita kadhaa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Tangi la maji juu ya paa, mnara wa simu na hata mnazi navyo huhesabiwa kuwa vizuizi. Kwa wakazi wa kisiwa, ambao njia nyingine ya kufika bara ni bahari, usalama wa uwanja huo ni pia usalama wa mgonjwa anayehitaji kusafirishwa haraka.

Tatu ni ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Aidha, maeneo ya Utende, Chole, Juani na Jibondo yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822. Mwekezaji katika maeneo hayo huzingatia pia masharti ya hifadhi.

Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa kuanzia ofisi ya ardhi na mipango miji ya Halmashauri akiwa na nyaraka za kiwanja, kabla ya kumlipa mchoraji ramani. Kiwanja kikiwa karibu na uwanja wa ndege, aulizie pia kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Jengo lililoinuliwa bila idhini linaweza kusimamishwa au kubomolewa, na hasara humwangukia mwenye nyumba.