Baba Mpenda Michezo na Maradhi Aliyoyaficha

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani wa Pumwani. Jumamosi alifunga kazi mapema akaenda kwa miguu hadi Uwanja wa City, Barabara ya Jogoo, kuwatazama Gor Mahia na Abaluhya, timu ambayo tangu 1980 inaitwa AFC Leopards. Wakati wa mapumziko alitandika koti lake nyuma ya jukwaa akaswali Alasiri, kisha akarudi kupiga kelele na wenzake. Mama alizoea kusema kwamba Jumapili mumewe huongea kwa sauti ya kuazima, kwani yake ameiacha uwanjani.

Mpira aliupenda, lakini mbio alizipenda zaidi. Oktoba 13, 1968, mjini Mexico City, Naftali Temu alishinda mita 10,000 akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Baba, wakati huo kijana wa miaka 26, aliisikia habari hiyo redioni. Sisi wanawe alitusimulia kana kwamba alikuwapo: jinsi Mamo Wolde wa Ethiopia alivyotangulia, na Temu akampita mita chache kabla ya utepe. Wa tatu alikuwa Mohammed Gammoudi wa Tunisia, na hapo baba hakukosa kuongeza kwamba ndugu yetu Mwislamu naye hakurudi mikono mitupu.

Machi 2003 Temu alifariki kwa saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Baba aliisikiliza taarifa hadi mwisho, akazima redio, asiseme neno. Kumbe wakati huo mwenyewe alikuwa na miezi kadhaa ya kukojoa kwa shida.

Aliyegundua ni mama. Alimwambia, "Baba watoto, usiku huu umeinuka mara tano." Akajibiwa, "Ni uzee, mke wangu." Kisha baba akaacha kwenda msikitini, akawa anaswali chumbani. Majirani walinong'ona kwamba fundi amelegea katika dini. Ukweli ni kwamba matone ya mkojo yalimtoka bila kujizuia, akachelea kuinajisi mikeka ya msikiti, na akaona haya kumuuliza yeyote hukumu yake.

Hukumu hiyo ni nyepesi, nami naieleza kwa sababu wapo waume na baba zetu wanaojifungia kwa haya kama hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu wa namna hii hungoja wakati wa sala uingie, akajisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha na kuswali bila kuchelewa; kinachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Hurudia hivyo kwa kila sala ya faradhi.

Mama hakuweza kuwaambia wanawe jambo la sitara ya mumewe. Alimwambia kaka yake, na mjomba ndiye aliyempeleka baba hospitalini akidai wanakwenda kupima sukari. Ilikuwa saratani ileile ya Temu, nayo ilikwisha fika mifupani. Yale maumivu ya kiuno aliyoyasingizia cherehani hayakuwa ya cherehani. Aliishi miezi 14 baada ya hapo.

Mwezi wake wa mwisho hakuzungumza sana juu ya michezo. Alitutaka tuhesabu vitambaa vya wateja alivyokuwa hajavishona. Vilikuwa 11, kila kimoja kimebanwa jina la mwenyewe kwa pini. Tukavirudisha vyote, pamoja na fedha za waliotanguliza malipo, kabla hajafariki. Tulimzika Kariokor.

Madaktari hueleza kwamba maradhi haya mwanzoni huenda yasioneshe dalili yoyote, na kwamba kuamka mara kwa mara usiku si lazima iwe saratani, kwani tezi hukua pia kwa umri. Ndiyo maana hupimwa: damu kidogo kwa kipimo kiitwacho PSA, na daktari kuikagua tezi yenyewe. Mwanamume wa miaka 50 azungumze na daktari wake, na aliyefiwa na baba au ndugu kwa maradhi hayo aanze mapema zaidi, kwa kuwa hatari yake ni kubwa.

Sisi tu wana wanne wa kiume. Mwaka juzi kipimo cha mdogo wetu kilikuwa juu, akatibiwa, na leo yuko kazini kwake Eastleigh. Tarehe zetu za kupimwa anazo mama. Huzitaja mezani mbele ya wakwe na wajukuu, wala hapunguzi sauti.