Punda Halii

Fundi magodoro aliyenipigia simu asubuhi ile alianza kwa kuomba radhi. "Assalaam aleikum, daktari. Uniwie radhi, jambo lenyewe si langu." Ndipo akaeleza. Punda wa mchukuzi mmoja wa mchanga hupita mbele ya duka lake kila siku, katika kichochoro cha Lamu ambamo shogi lililojaa hukwaruza kuta zote mbili, na kwa wiki tatu nzi walikuwa wakimfuata mnyama huyo mgongoni. Alimwona siku ya kwanza akanyamaza. Alimwona siku ya pili akanyamaza. Ilipofika siku ya ishirini na moja alishindwa kushona.

Tulipolivua shogi, kidonda kilikuwa na upana wa kiganja, pale mabega yanapokutana na shingo, na usaha ulikuwa umeshajichimbia njia kuelekea mfupani. Jeraha la namna hiyo likiwahiwa huoshwa kwa maji safi yenye chumvi, hupakwa dawa, mnyama hupumzishwa, na mwenyewe hapotezi zaidi ya wiki mbili za kazi. Hili lilituchukua miezi miwili na nusu.

Sikumlaumu fundi. Sote tumelelewa tukijua kwamba mali ya mtu haiingiliwi, na anayesema punda wa jirani anateseka huogopa kuitwa mchongezi. Lakini wazee wetu walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona mahali msemo huo unapofaa kuliko njia wanazopita punda. Mfuko wa saruji una kilo 50. Punda wetu wa pwani wengi hawazidi sana kilo 150, na kipimo wanachokifuata wataalamu kwa mzigo wa mgongoni ni kama theluthi ya uzito wa mnyama mwenyewe. Kwa hiyo mfuko mmoja umeshafika mpakani. Ukimwona amebebeshwa miwili, umeona jambo la kusemwa, hata kama punda si wako na saruji si yako.

Nasisitiza kusema mapema kwa sababu punda hasemi. Mbwa akiumia hulia, nguruwe hupiga kelele hadi mtaa wa pili, lakini punda ametokana na punda mwitu wa Pembe ya Afrika, mnyama wa nyika kavu zenye simba na fisi, ambako anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Miaka takriban 7,000 ya kuishi na binadamu haijamfutia tabia hiyo. Punda mwenye maumivu makali husimama tu. Tazama masikio yaliyoangukia pembeni, kichwa kilichoshuka chini ya usawa wa mgongo, mguu mmoja unaopumzishwa kila mara, mnyama aliyejitenga na wenzake. Wengine husimama kwenye hori na kutafunatafuna bila kumeza kitu, na mwenye punda akapita akaridhika kwamba anakula.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wafugaji wengi hawajaisikia. Punda akiacha kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi na kuyamwaga katika damu. Ukimtoa damu ukaiacha itulie, ute wake huwa mweupe kama maziwa. Ini huelemewa, figo hufuata, na ndani ya siku chache mnyama ambaye jana alionekana "mvivu" leo haamki. Kwa hiyo ukisikia punda hajagusa chakula tangu jana, usisubiri kesho. Na ule msemo kwamba shukrani ya punda ni mateke, mimi naupinga kila ninapousikia. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, punda mpole aliyeanza ghafla kurusha mateke alikuwa na kitu kinachomuuma: msumari kwenye kwato, jino, au kidonda chini ya tandiko. Teke ndilo neno lake la mwisho.

Basi, unamwona mnyama ana shida. Unafanya nini?

Kwanza zungumza na mwenyewe, kama unamfahamu na kama ni mtu wa kuzungumzika. Nusu ya kesi ninazozijua humalizikia hapo. Wachukuzi wengi si wakatili. Ni watu wanaoamka alfajiri kutafuta riziki, na punda ndiye mtaji wao wote. Mtu wa aina hiyo ukimwambia, "Ndugu yangu, punda wako anatoka damu kwenye mkanda, na najua pa kutibiwa bure," mara nyingi atakushukuru. Ukianza kwa kumtukana mbele ya watu, atakachofanya ni kumficha punda nyuma ya nyumba, na huko hakuna atakayemwona.

Ikishindikana, ripoti. Kenya kuna afisa wa mifugo wa kaunti, kuna chifu, kuna polisi, na kuna vyama vya kutetea wanyama kama KSPCA ya Nairobi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1910 na ambayo kazi yake haiishii kwa mbwa na paka. Tanzania nenda kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya serikali ya mtaa. Sheria ipo pande zote mbili. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inahesabu kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Taarifa yenyewe iwe na mwili. "Kuna punda anateswa huko mjini" haimsaidii mtu. Sema ni wapi hasa, karibu na msikiti gani au kisima gani, saa ngapi hupita, rangi yake, jeraha liko upande gani, umeliona tangu lini, kama anasimama au amelala, kama anakula. Piga picha mbili, moja ya jeraha na moja ya mnyama mzima, ukiwa mahali unaporuhusiwa kuwa. Usimfungue mnyama wa mtu ukamchukua usiku, hata kama moyo unakuuma. Huo ni wizi mbele ya sheria, na kituo chochote cha uokoaji chenye heshima kitakuuliza umempata wapi.

Si punda peke yake. Kwa ng'ombe, saa ni muhimu kuliko siku. Ng'ombe aliyezaa jana akaanguka asiweze kuinuka mara nyingi amepungukiwa madini ya chokaa damuni, na daktari akiwahi na kumtilia dawa mshipani anaweza kuinuka mbele ya macho yenu. Akiachwa amelalia ubavu mmoja kutwa nzima, uzito wake mwenyewe huminya misuli na neva za miguu hadi zife, na hapo hata chokaa haimwinui. Wakati mnasubiri, mkalisheni kifudifudi, mumwegemeze kwa magunia ya majani makavu, mumgeuze upande kila baada ya saa chache, mumwekee maji na kivuli. Msimburute kwa kamba ya shingo. Nimeona ng'ombe aliyekuwa wa kupona akaharibiwa kwa kuvutwa hatua ishirini tu hadi kwenye gari.

Kuna taarifa mbili ambazo kabla ya huruma zinahitaji tahadhari. Mnyama anayetokwa na udenda, aliyebadilika ghafla, anayeuma vitu au kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Punda na ng'ombe huupata ugonjwa huo pia. Usitie mkono mdomoni mwake kutafuta mfupa uliokwama. Na mnyama aliyekufa ghafla, damu ikamtoka puani au sehemu ya haja, asipasuliwe wala asichunwe, kwa kuwa kimeta huishi ardhini miaka mingi na humuua mtu. Hapo mpigie daktari wa mifugo, si kituo cha uokoaji.

Sasa niingie katika jambo zito zaidi, kukabidhi. Mtu amezeeka, au amefiwa, au ukame umemlia malisho, au amepata bodaboda na punda hana kazi tena. Anataka kumpeleka mnyama wake kwenye makimbilio ya wanyama akaishi kwa amani. Nataka wasomaji waondoe aibu katika jambo hili. Anayemwachia mnyama barabarani ajitafutie jalalani, akameza mifuko ya plastiki hadi tumbo likaziba, huyo ndiye wa kuulizwa. Anayekuja mchana akasema "nimeshindwa" amefanya wajibu wake.

Ila ajue kwamba makimbilio si bahari. Nafasi ni chache, chakula ni ghali, na kazi kubwa ya vituo hivi ni kutibu na kurudisha. Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyeanzisha makimbilio ya punda huko Devon mwaka 1969, alifika Lamu, na mwaka 1987 shirika lake likafungua pale kituo cha kutibu punda bila malipo. Hakikujengwa ili kuwakusanya punda wa kisiwa kizima. Punda alitibiwa, akapewa dawa ya minyoo, mwenyewe akafundishwa, wakarudi nyumbani pamoja. Kwa hiyo usishangae ukija kukabidhi mnyama ukaulizwa kwanza: je, tukikusaidia dawa na ushauri, unaweza kukaa naye? Si kwamba unafukuzwa. Mnyama aliyezoea zizi lake hupona vizuri zaidi hapo hapo.

Kama jibu ni hapana, sema ukweli wote. Watu huficha ugonjwa wakidhani mnyama atakataliwa, na matokeo yake ni maambukizi kuingia katika zizi la wanyama ambao tayari ni dhaifu. Eleza alichougua, chanjo aliyopata, kama hupiga teke, kama aliwahi kuharibu mimba. Mnyama mgeni atatengwa wiki kadhaa kabla hajachanganywa na wenzake, na hiyo si adhabu. Kumhamisha kutoka eneo moja hadi jingine kunahitaji kibali cha daktari wa mifugo wa serikali, hasa panapokuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Utatia saini hati ya kukabidhi, nayo mara nyingi humaanisha kwamba humiliki tena. Uisome. Uliza kama unaruhusiwa kumtembelea. Uliza pia swali gumu: daktari akiona hakuna tiba, ataamua nini? Kituo kinachokuambia hakijawahi kumlaza mnyama yeyote kwa sindano ama hakijapokea wagonjwa wa kweli, ama kinakuficha.

Na punda wana jambo lao. Hupendana wawili wawili. Punda aliyeishi miaka minane na mwenzake akitenganishwa naye huweza kuacha kula, na kuacha kula unajua tayari kunakoelekea. Ukija kukabidhi mmoja kati ya wawili, nitakuomba uwalete wote, au umwache huyo kwanza nyumbani hadi tupate nafasi mbili. Na mmoja akifa, aliyebaki aachwe karibu na maiti kwa muda hadi aondoke mwenyewe. Anayekimbilia kuuondoa mwili humwacha aliyebaki akimtafuta kwa siku nyingi.

Mwisho wa yote, mjue anayempokea. Nalisema hili kwa uchungu. Kati ya mwaka 2016 na 2020 machinjio yenye leseni yalichinja punda Kenya kwa ajili ya ngozi, ambazo huchemshwa huko China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini. Ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2. Wafugaji waliamka wakakuta mizoga iliyochunwa nyuma ya maboma yao. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kote. Lakini wanunuzi hawakuyeyuka. Mtu akija na lori akisema anakusanya punda wazee "kuwasaidia", bila jina la kituo, bila hati, bila kibali cha kusafirisha, na hasa akikupa pesa, mfunge punda wako na upige simu. Makimbilio ya kweli hayanunui mnyama mzee. Yatakuonyesha zizi kabla hujatia saini, na yatakuuliza maswali mengi kuliko utakayoyauliza wewe.

Yule punda wa Lamu hakukabidhiwa. Mwenyewe alikuja kila asubuhi kumwosha kidonda, na katika miezi ile miwili na nusu alibeba mchanga kwa mkokoteni wa kuazima, akiusukuma mwenyewe. Kidonda kilipofunga tulimweleza kwamba tatizo halikuwa mzigo peke yake, bali shogi lililochakaa na kukaa juu ya mfupa mtupu, na kwamba anahitaji mito miwili ya kuweka, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili mfupa wenyewe usiguswe. Hakuwa na pesa ya mito. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye duka la fundi magodoro, wako pamoja, punda amefungwa mlangoni kivulini. Fundi alikuwa akimpima punda mgongo kwa utepe, na kando yake palikuwa na kanda la usufi limefunguliwa.