Hisabati ya Kutenga Gesi kwa Utando

Mwaka 1866 Thomas Graham, mjuzi wa kemia wa Kiskoti, alipoeleza jinsi alivyoivuta hewa ya kawaida, ambayo sehemu 21 katika 100 ni oksijeni, ipenye utando mwembamba wa mpira, akapata ng'ambo ya pili hewa yenye oksijeni karibu sehemu 41, alibainisha pia kwamba utando ule hauchuji kwa matundu, bali kila gesi huyeyuka kwanza ndani ya mpira kama sukari iyeyukavyo majini, kisha husafiri humo hata ikatokea upande wa pili.

Juu ya kauli hiyo ndipo ilipojengwa hisabati ya leo. Wepesi wa gesi kuyeyuka huzidishwa kwa wepesi wake wa kusafiri, kisha kwa tafauti ya shinikizo lake baina ya pande mbili, na jawabu hugawanywa kwa unene wa utando, ipatikane kasi ya gesi hiyo kupenya.

Natuchukue, mathalan, utando unaoipitisha oksijeni kwa wepesi mara 5 kuliko nitrojeni, na shinikizo la ng'ambo ya pili liwe kama hakuna. Zidisha 21 kwa 5, upate 105. Ongeza 79 zilizosalia, ambazo karibu zote ni nitrojeni, jumla ni 184. Na 105 katika 184 ni kama asilimia 57. Hapa ndipo ninapoistahi mno elimu hii, kwa kuwa mwenye kiwanda, hata akinunua mashine za kushindilia hewa zilizo na nguvu kupita zote, hawezi kwa mpito mmoja kuivuka 57, na hilo amelijua kabla ya kutoa hata senti.

Walakini hata hiyo 57 ni ya mwanzo tu. Kadiri oksijeni itokavyo, hewa iliyobaki hufilisika, na atakaye kingi hupata kilicho hafifu. Ndipo mwaka 1950 Sol Weller na Waldo Steiner wa Marekani walipotoa milinganyo ya hali mbili: gesi iliyochanganyika sawasawa mbele ya utando wote, na ile ipitayo pasipo kuchanganyika, ambayo ndiyo itengayo vizuri zaidi.

Lakini aghalabu faida kubwa imo katika kile kilichokataa kupenya: viwanda vingi huiacha oksijeni itoke na kuitwaa nitrojeni iliyosalia, nayo hutiwa, mathalan, katika matangi ya meli za mafuta ili moto usipate kushika.