Programu ya kuagiza chakula kwa simu: Kwa nini vitegemezi vipangwe mapema

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KIJANA wa Kigoma anayetaka kutengeneza programu ya simu ya kuagizia chakula, ili mfanyakazi wa bandarini aletewe ugali wa muhogo na migebuka kutoka kwa mama lishe wa Mwanga au Ujiji, halazimiki kuandika kila kitu kwa mkono wake. Ramani inayoonyesha alipo dereva wa bodaboda, njia ya kulipia, na ujumbe wa kumwarifu mteja kuwa chakula kimefika, vyote vimekwisha kuandikwa na watu wengine duniani, na vingi hupatikana bila malipo.

Kazi hizo za watu wengine, ambazo programu haiwezi kwenda bila hizo, ndizo huitwa vitegemezi. Kuviorodhesha na kuvipanga huonekana jambo dogo la siku ya kwanza. Hata hivyo, hapo ndipo huamuliwa kama programu itafanya kazi mwaka ujao, na kama fedha na taarifa za wateja zitakuwa salama.

Vitegemezi ni nini?

Chungu cha mama lishe kinatoa mfano ulio karibu. Mpishi hutegemea dagaa wa Kibirizi, mawese na unga wa muhogo wa vijijini. Lakini mvuvi wa dagaa naye hutegemea taa, wavu na usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hupungua, na mpishi ambaye hajawahi kupanda mtumbwi huathirika.

Programu nayo iko hivyo. Mtengenezaji anaweza kuorodhesha vitegemezi kumi tu, lakini kila kimoja kina vya kwake, na orodha kamili ikafika mamia. Katika Flutter, chombo cha kampuni ya Google kinachotumiwa kuandika programu za simu, orodha hiyo huandikwa katika faili liitwalo pubspec.yaml. Vitegemezi ambavyo programu huvihitaji ikiwa mikononi mwa mteja huwekwa upande mmoja. Vile vya kumsaidia fundi wakati wa kuandika na kupima huwekwa upande mwingine.

Namba tatu za toleo

Kila kitegemezi kina toleo, na kwa kawaida huandikwa kwa namba tatu, mathalani 2.4.1. Namba ya mwisho ikibadilika, hitilafu imesahihishwa. Ya katikati ikibadilika, kuna jambo jipya lililoongezwa bila kuvunja ya zamani. Ya kwanza ikibadilika, fundi ajue kuwa sehemu ya kazi yake huenda ikahitaji kuandikwa upya.

Ndiyo maana ni hatari kuandika kwamba toleo lolote linafaa. Utaratibu uliozoeleka ni kuweka alama ya ^ mbele ya namba. Kwa mfano huu, alama hiyo inaruhusu toleo lolote kuanzia 2.4.1, lakini lisifike 3.0.0.

Wakati mwingine vitegemezi viwili hugombana. Cha ramani kinaweza kudai toleo la 3 la chombo cha kutambua mahali, huku cha kumfuatilia dereva kikidai toleo la 4 la chombo kile kile. Flutter hukataa kuendelea. Dawa si kulazimisha, bali ni kutafuta matoleo ya vitegemezi hivyo viwili yanayokubaliana, au kuachana na kimoja.

Kompyuta ikishapata mpangilio unaokubalika, huandika matoleo kamili katika faili la pili, pubspec.lock. Faili hili halipaswi kufutwa wala kuachwa nje ya kumbukumbu za mradi. Ndilo huhakikisha kuwa fundi aliyeko Kigoma na mwenzake aliyeko Dar es Salaam wanatengeneza kitu kimoja.

Ghala likifungwa

Vitegemezi huhifadhiwa katika maghala ya intaneti, na maghala hayo yana wenyewe. Machi 2016, mtu mmoja aliondoa kazi zake katika ghala la npm linalotumiwa na waandishi wa JavaScript. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, lakini miradi mingi duniani ilishindwa kujengwa hadi iliporudishwa saa chache baadaye.

Ghala la JCenter, lililotegemewa sana na watengenezaji wa programu za Android, nalo lilitangazwa kufungwa Februari 2021, na safari yake ikakamilika Agosti 2024. Waliosoma tangazo walipata muda wa kuhamia ghala la Maven Central.

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanaelewa somo hilo. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Muuzaji aliyekuwa ameweka akiba ya dagaa wakavu alikuwa na cha kuuza. Siku chache tu kabla ya hapo, Mei 12, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na huduma ikazorota nchini. Fundi aliyekuwa na nakala za vitegemezi katika kompyuta yake aliweza kuendelea, kwa kuwa amri ya flutter pub get ikiongezewa --offline hutumia akiba iliyopo bila kugusa mtandao.

Bando na simu za wateja

Kila kitegemezi huongeza uzito. Mteja mwenye simu ya bei nafuu, iliyojaa picha, hataipakua programu nzito kwa bando lake la siku. Kabla ya kuongeza kitu, fundi ajiulize kama kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mistari michache aliyoandika mwenyewe. Aidha, tangu Agosti 2021 Google Play hutaka programu mpya ziwasilishwe kwa mfumo wa App Bundle, ambao humpa kila mteja sehemu zinazoihusu simu yake tu.

Fedha na taarifa za mteja

Hatari kubwa zaidi ni usalama. Desemba 2021 iligundulika kuwa Log4j, kitegemezi cha Java kilichomo katika seva nyingi duniani, kilikuwa na tundu lililowawezesha wahalifu kuendesha mitambo ya watu kutoka mbali. Makampuni mengi hayakujua kuwa yanakitumia, kwa sababu kilikuwa kimeingia kupitia vitegemezi vingine. Amri ya flutter pub deps huonyesha mti mzima, na flutter pub outdated hutaja vilivyopitwa na wakati.

Kitegemezi kinaweza pia kuingiza ruhusa ambazo mwenye programu hakuziomba, kama vile kujua mahali mteja alipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili katika Tume husika na azilinde. Hataweza kujitetea kwamba kosa lilikuwa katika kazi ya mtu asiyemfahamu.

Kwa upande wa malipo, iwe ni M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, funguo za siri za kuunganishwa na huduma hizo zisiwekwe ndani ya programu ya simu. Yeyote aliyeipakua anaweza kuifungua na kuzisoma. Mahali pake ni katika seva.

Mambo ya kuzingatia

Kwa ufupi, fundi achague vitegemezi vichache vyenye watunzaji wanaoonekana kuwa kazini, aweke mipaka ya matoleo, atunze faili la pubspec.lock, na atenge siku moja kila mwezi ya kukagua na kusasisha. Sasisho lolote lipimwe kwanza katika simu ya bei nafuu na yenye mtandao hafifu, kabla ya kufikishwa kwa wateja.

Uangalifu huo si wa mafundi peke yao. Programu ikikwama saa saba mchana kwa sababu ya sasisho ambalo halikupimwa, mteja atatafuta chakula kwingine na dereva atasubiri abiria. Mama lishe aliyekwisha kupika kwa ajili ya oda ambayo haitachukuliwa ndiye atakayebaki na hasara.