Mwalimu, Usilifungue Jeneza Mapema

Miaka mingi iliyopita nilitenda kosa darasani ambalo hunirejea kila nionapo mwanafunzi amekumbatia mwongozo wa riwaya, ilhali riwaya yenyewe hajaifungua. Nilikuwa nimewachagulia wanafunzi wa chama cha fasihi kitabu kisichotahiniwa, The Room in the Dragon Volant, kisa kirefu cha Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland aliyezaliwa Dublin mwaka wa 1814. Kilitoka mwaka wa 1872 katika mkusanyiko wake In a Glass Darkly, wakati Malkia Victoria angali anatawala Uingereza. Nakala zilikuwa nne, wanafunzi kumi na watano. Kabla hawajafika mbali, nami kwa pupa ya kueleza maudhui, nikawaambia kisa kinavyoishia. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akakifunga kitabu polepole. "Basi, Mwalimu," akasema, "umekwisha kutusomea."

Hakuwa na utovu wa adabu. Alisema kweli.

Ili msomaji aelewe uzito wa kosa langu, sina budi kulirudia hapa, ingawa safari hii nitajizuia nusu ya njia. Ni mwaka wa 1815. Napoleon ameshindwa, na Waingereza wenye fedha wanamiminika Ufaransa. Miongoni mwao yumo Richard Beckett, kijana wa miaka 23 aliyerithi mali nyingi. Njiani anakutana na gari la farasi la mzee mmoja wa kimwinyi na bibi kijana, Countess de St. Alyre. Jioni, katika nyumba ya wageni, Beckett anakosea mlango na kuuona uso wa bibi huyo ndani ya kioo. Zingatia hapo: hakumwona mtu, aliona taswira, na kwa taswira hiyo akautoa moyo wake wote. Hapo hapo anapata rafiki, Marquis d'Harmonville, mtu mwenye adabu tele, anayemwonya ajihadhari na matapeli wa Paris. Kwa shauri la rafiki huyu Beckett anapata malazi karibu na Versailles katika nyumba kuukuu ya wageni iitwayo Dragon Volant, yaani Joka Lirukalo. Chumba anachopewa kina sifa mbaya. Wageni waliolala humo zamani walitoweka, wala hawakuonekana tena.

Msomaji aliyezoea hadithi za kutisha za enzi ile atatega sikio asikie minyororo ikiburutwa usiku. Na Le Fanu angeweza kumpa hayo bila taabu. Katika mkusanyiko huo huo yumo Carmilla, binti anayefyonza damu, na yumo pia kasisi anayeandamwa na tumbili asiyeonwa na mtu mwingine. Lakini katika chumba cha Joka hakuna pepo hata mmoja. Kuna mlango uliofichwa na ngazi. Kuna dawa inayoufanya mwili ulio hai uonekane maiti, huku mwenyewe akisikia kila neno linalosemwa juu yake. Na kuna watu wenye adabu ambao huweza kumzika mgeni kwa jina lisilo lake, kisha wakagawana fedha zake.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashangazwa na mbinu hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka wa 1960, anatupeleka mahali panapoogopwa kwa ajili ya mizimu, panapookotwa maiti, kisha anamleta Bwana Msa na kiko chake apambanue kwamba aliyeua ni binadamu. Tofauti iliyopo ni kubwa, hata hivyo. Abdulla ametupa mtu mwerevu wa kumtegemea. Le Fanu ametuacha mikononi mwa Beckett, na Beckett ni kipofu kwa sababu ya mapenzi na majivuno.

Hapa ndipo mwongozo unaposhindwa kazi. Mwongozo utaandika kwamba Beckett ni mjinga, Marquis ni mnafiki, na miongoni mwa maudhui ni tamaa na udanganyifu. Yote ni sahihi, na yote hayafai kitu kwa mtu ambaye hajadanganywa. Dalili zimetapakaa tangu mwanzo. Ndani ya gari la Marquis, wakielekea Paris, Beckett anashikwa na hali ya ajabu: macho yaona, masikio yasikia, lakini kidole hakitikisiki. Anapozinduka anakubali maelezo mepesi na kuendelea na safari. Vilevile yupo Kanali Gaillarde, askari mwenye jeraha na sauti ya kukwaruza, anayemtukana mzee wa kimwinyi hadharani. Kila mtu anamwona mwendawazimu. Katika kitabu kizima, mropokaji huyo ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na anayesema kwa upole ndiye anayechimba kaburi. Nilipokisoma mara ya kwanza, nami nilimchukia Gaillarde. Nilikwisha kuwa mwalimu wakati huo, mwenye shahada.

Sidai kwamba kitabu hakina dosari. Sehemu ya dansi kule Versailles, pamoja na mpiga ramli wake anayebebwa machelani, ni ndefu kupita kiasi, na kijana wa leo ataichoka. Najua pia jawabu la walimu wenzangu: vipindi ni vichache, vitabu havitoshi, mzazi anauliza alama wala haulizi raha ya kusoma. Nimefundisha katika hali hiyo, na miongozo nimewahi kuinunua mwenyewe. Hata hivyo, kuna namna ya kuutumia mwongozo baada ya riwaya, na kuna namna ya kuutumia badala yake.

Miaka miwili baada ya kuaibishwa na yule msichana, nilikirudia kitabu hicho na kundi jingine. Safari hii nilifunga mdomo. Tulisoma kwa sauti, sura moja moja, na tulipofika Dragon Volant nikawataka waandike katika kipande cha karatasi jina la mtu mmoja ambaye wao, wakiwa wageni katika nchi ile na mfuko umejaa, wangemwamini. Karatasi nikazitia katika bahasha na kuifunga. Karibu wote walimchagua Marquis. Wawili walimchagua bibi. Mvulana mmoja tu aliandika Gaillarde, na nilipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu kwamba ana ami anayefoka vivyo hivyo, na katika ukoo wao ndiye peke yake asiyewahi kumdhulumu mtu.

Jioni tuliyofika kwenye jeneza, taa ilikuwa hafifu na hapana aliyekohoa. Beckett amelala humo akiwa hai, anasikia kila kitu, na hawezi hata kupepesa jicho. Kwamba aliokoka tulijua, maana ndiye anayesimulia; jinsi alivyookoka sitasema. Msomaji wangu mmoja, kijana aliyekuwa hodari sana wa kujibu maswali ya mtihani, akanyosha mkono kabla sijafungua ukurasa uliofuata. Aliomba nifungue ile bahasha ili abadilishe jibu lake.

Nikamkatalia.