Stakabadhi za mwanakandarasi wa paa: Namna ya kuzichunguza kabla ya kulipa

MVUA ya masika, ambayo hunyesha kati ya Machi na Mei katika sehemu nyingi za Kenya, ndiyo hufichua kazi mbovu ya kuezeka. Paa lililopigiliwa ovyo huvuja usiku wa kwanza, na lile ambalo halikufungwa vyema ukutani hung'olewa na upepo likatupwa shambani kwa jirani. Kufikia wakati huo, aliyelijenga huwa amekwisha kulipwa, na mara nyingi simu yake haipatikani.

Hasara hii huwauma zaidi watu waliojenga kwa kujinyima. Wengi wao huchukua mkopo wa sacco, huuza ng'ombe au kipande cha shamba, kisha hupandisha kuta polepole kwa miaka kadhaa. Nyumba ifikapo hatua ya kuezekwa, fedha huwa zinaelekea kwisha, na hapo ndipo kishawishi cha kumchukua mwenye bei ya chini kuliko wote kinapokuwa kikubwa.

Isitoshe, paa ni sehemu ya nyumba inayoficha kasoro zake. Ukuta ukipinda, mpita njia huuona. Lakini mbao zisizotiwa dawa ya mchwa, kenchi zilizoachana kupita kiasi na misumari iliyopunguzwa ili ibaki ya kuuzwa hufunikwa na mabati kwa juu na dari kwa chini. Mwenye nyumba asiyeweza kuikagua kazi baada ya kukamilika hana budi kumkagua mfanyakazi kabla kazi haijaanza.

Ukaguzi huo una kanuni moja kuu. Stakabadhi haithibitishwi na yule anayeionyesha, bali na yule aliyeitoa. Cheti kilichopigwa muhuri kinaweza kughushiwa, kuazimwa au kupitwa na wakati. Kwa hivyo, kazi ya mteja si kukitazama tu, bali kunakili nambari iliyomo na kuiulizia katika ofisi husika.

Usajili wa mwanakandarasi

Mahali pa kwanza pa kuulizia ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mamlaka hii ndiyo inayowasajili wanakandarasi na kuwaidhinisha wasimamizi wa maeneo ya ujenzi pamoja na mafundi wenye ujuzi. Wanakandarasi hupangwa katika ngazi nane, kuanzia NCA 1, ambayo ni ya kampuni kubwa zaidi, hadi NCA 8, ambayo ni ya kampuni ndogo. Aidha, kila mmoja husajiliwa kwa aina ya kazi anayoifanya: majengo, barabara, maji, umeme na mitambo, au kazi maalumu.

Hapa ndipo wateja wengi hupotezwa. Kampuni inaweza kuwa imesajiliwa kihalali, lakini kwa ujenzi wa barabara. Cheti chake ni cha kweli, ila hakisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuezeka nyumba. Mteja anapaswa kusoma aina ya kazi iliyoandikwa, si jina la kampuni na nembo pekee.

Jambo jingine la kuzingatia ni tofauti kati ya cheti cha usajili na leseni ya kuhudumu. Leseni hutolewa upya kila mwaka. Mwanakandarasi aliyesajiliwa miaka mingi iliyopita na ambaye hajalipia leseni bado anaweza kukitundika cheti chake ukutani bila haya. Tovuti ya mamlaka hiyo humwezesha mtu yeyote kumtafuta mwanakandarasi kwa jina au kwa nambari ya usajili. Asiye na intaneti anaweza kuulizia katika ofisi za mamlaka hiyo zilizo mikoani.

Hata hivyo, mwenye nyumba asidhani kwamba sheria itamlinda kila mahali. Sheria hiyo ya 2011 inaziacha nje nyumba za makazi ya mtu binafsi zisizohitaji michoro ya kihandisi. Nyumba nyingi za vijijini ziko katika kundi hili, na ndiyo maana aghalabu huezekwa na fundi wa mtaani asiye na kampuni yoyote. Hilo si kosa. Lakini linamaanisha kwamba jukumu la kumchunguza fundi huyo limeachiwa mwenye nyumba peke yake.

Ujuzi wa fundi mwenyewe

Fundi asiye na kampuni bado anaweza kuwa na stakabadhi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini ufundi wa aina mbalimbali na kutoa vyeti vya daraja tatu: daraja la tatu likiwa la chini na la kwanza likiwa la juu. Wapo pia mafundi waliohitimu katika vyuo vya kiufundi. Cheti cha useremala au uashi kinaonyesha kwamba kuna mtu aliyepimwa na wataalamu, mbali na kujisifu mwenyewe.

Lakini kuna hila iliyozoeleka. Mtu mmoja mwenye vyeti vizuri huja kujadili bei, akishalipwa malipo ya awali huwatuma vijana watatu ambao hawajawahi kushika timazi. Kwa sababu hiyo, swali la mteja lisiwe tu iwapo kampuni ina fundi aliyehitimu. Aulize ni nani hasa atakayepanda juu ya paa, ni nani atakayemsimamia, na majina yao yaandikwe katika mkataba.

Hila ya pili ni kuazimana vyeti. Mtu asiye na usajili hutumia stakabadhi za kampuni ya rafiki yake kwa malipo kidogo. Dawa yake ni kulinganisha majina. Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia mtandao wa eCitizen, hutoa hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Iwapo anayejadiliana na mteja si mmoja wao, alete barua ya kampuni inayompa idhini, nayo ithibitishwe kwa kupiga simu ya ofisi, wala si ile aliyoitoa yeye. Vivyo hivyo, nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, inaweza kukaguliwa katika mtandao wa iTax ili kuona kama jina linaafikiana.

Ikumbukwe kuwa usajili wa biashara na PIN vinathibitisha kwamba kampuni ipo na ni ya nani. Havithibitishi kwamba inajua kuezeka.

Kazi zilizotangulia

Ujuzi huonekana katika paa lililokwisha kupigwa na mvua. Mteja mwangalifu huomba anwani za nyumba tatu ambazo mwanakandarasi aliziezeka, na angalau mbili kati yake ziwe zimepitiwa na masika na vuli. Picha za simu hazitoshi, kwani mtu anaweza kupiga picha paa lolote akiwa barabarani.

Akifika huko, azungumze na mwenye nyumba faraghani. Je, kazi ilikwisha kwa muda ulioahidiwa? Bei iliongezeka katikati? Palipotokea tundu, fundi alirudi? Jibu la swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine, kwa kuwa hata fundi bora huweza kukosea msumari mmoja, lakini fundi mwaminifu hurudi kuurekebisha.

Maswali machache ya kitaalamu pia humfichua anayebahatisha. Aulizwe mteremko wa paa utakuwa wa kiasi gani na kwa nini. Kenchi zitafungwa vipi kwenye ukuta ili upepo usizinyanyue. Mbao zitatiwa dawa gani. Na bati moja litalalia jingine kwa kiasi gani. Fundi anayeijua kazi yake hujibu kwa vipimo. Asiyeijua hujibu kwamba mteja asiwe na wasiwasi.

Mabati yenyewe

Ukaguzi wa mwanakandarasi haukamiliki bila ukaguzi wa vifaa anavyovileta. Unene wa mabati hupimwa kwa geji, na jinsi nambari inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Mteja asiyelifahamu hili anaweza kulipia geji 28 na kuletewa geji 30, huku akiambiwa kwamba nambari kubwa ndiyo yenye nguvu.

Bidhaa zinazotengenezwa nchini zinatakiwa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na nambari ya kibali. Nambari hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu: herufi SM, alama ya #, kisha nambari yenyewe, ukitumwa kwa 20023. Ni vyema mteja alipie mabati mwenyewe moja kwa moja kwa kiwanda au dukani, achukue risiti yenye kutaja geji, na ayahesabu yanaposhushwa.

Wanaonuia kuezua mapaa ya zamani ya asbesto wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Vumbi la asbesto likivutwa mapafuni huweza kusababisha saratani, na kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiorodhesha kama taka hatari. Mwanakandarasi anayesema ataivunja kwa nyundo na kuitupa bondeni hafai kupewa kazi hiyo, hata akiwa na vyeti vingine vyote. Ushauri wa NEMA utafutwe kwanza.

Ajali ikitokea

Kuezeka ni kazi ya juu, na anayeteleza hudondoka. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwanakandarasi aulizwe nakala ya bima hiyo, na kampuni ya bima iulizwe iwapo ingali hai. Mwenye nyumba anayewaajiri vibarua mwenyewe kwa ujira wa siku asishangae akidaiwa kama mwajiri endapo mmoja wao ataanguka. Ngazi imara na mikanda ya usalama ni ishara nyingine ya kumtambua mwanakandarasi anayejali.

Mkataba na malipo

Baada ya yote kuthibitishwa, makubaliano yaandikwe. Mkataba hauhitaji kurasa nyingi. Utaje majina kamili na nambari za vitambulisho, kazi itakayofanywa, aina na geji ya mabati, ukubwa wa mbao, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, na muda ambao mwanakandarasi atarekebisha kasoro bila malipo. Muda huo ni bora uvuke angalau msimu mmoja wa mvua.

Malipo yafuate kazi. Fungu moja linaweza kutolewa kenchi zikisimamishwa na kukaguliwa kabla mabati hayajapigiliwa, jingine mabati yakikamilika, na sehemu ibakizwe hadi mvua inyeshe na paa likaonekana ni kavu. Fedha zipitie akaunti ya kampuni au nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lake ili ushahidi ubaki. Mwanakandarasi anayetaka alipwe zote siku ya kwanza, tena kwa simu ya mtu mwingine, amekwisha kujieleza.

Mambo yakiharibika hata baada ya tahadhari hizi, karatasi hizo ndizo silaha ya mteja. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Malalamishi kuhusu mwanakandarasi aliyesajiliwa yanaweza pia kupelekwa kwa NCA. Lakini asiye na mkataba, risiti wala jina kamili la aliyemlipa hana pa kuanzia.

Ukaguzi huu wote unaweza kukamilika kwa siku chache: upekuzi katika mitandao ya serikali, simu mbili au tatu, na ziara ya nyumba zilizoezekwa awali. Gharama yake ni nauli na muda wa maongezi. Ikilinganishwa na bei ya kuezeka nyumba moja mara mbili, ni kiasi ambacho hata mwenye fedha kidogo anaweza kumudu. Kuuliza si ujinga, na mwanakandarasi mwaminifu hachukizwi na maswali. Anayekasirika akiombwa nambari ya leseni ndiye wa kuachwa aende zake mapema, kabla mabati hayajashushwa.